Mama Yako Alisema Nimekubali

Kalamba, Jumamosi jioni

Mwaitu,

Nimefunga duka mapema leo. Kuna mtu amegonga akitaka picha za pasipoti, nikanyamaza kama sipo, na najua ameniona dirishani. Wewe na mama yako mko Kwa Vonza mnamuaga shangazi yako, na vile namjua dada yangu, hamtaachiliwa mpaka mle mshibe halafu mle tena. Kwa hivyo nina nafasi ya kukuandikia bila mtu kuchungulia.

Sitakuandikia habari za sweta. Sweta mama yako amezipanga, amezipangua, amezipanga tena, na katikati amekuwekea muthokoi mkavu, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukawashangaze Wajerumani. Utakula nini, utalala wapi, utampigia nani ukiumwa, hayo yote yamesemwa na yatasemwa tena kesho njia yote mpaka uwanja wa ndege. Mimi nina neno moja tu. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo, ndiyo maana unaniona leo mzee mzima nimeshika kalamu.

Mama yako alikuambia nimekubali uende. Ulikuja dukani mbio, ukanishika mkono kwa mikono yako yote miwili, ukasema asante baba kwa kukubali. Nami nikasema sawa. Nataka kukuambia ukweli kuhusu hiyo sawa kabla hujapanda ndege.

Sikuwa nimekubali. Usikunje uso hivyo, soma mpaka mwisho.

Unajua vile nyumba yetu huongea. Nikiwa na neno lako, namwambia mama yako. Mwambie mtoto wako asichelewe. Wewe uko pale pale kwenye kiti, masikio unayo, na bado mama yako anageuka anakuambia, umesikia baba yako. Na wewe ukitaka viatu unamwambia yeye, yeye ananiambia mimi, mimi namjibu yeye. Mgeni akitutembelea anaweza kudhani tumekosana. Ndivyo nilivyolelewa. Baba yangu hakuwahi kunitazama machoni akaniambia jambo lolote kubwa. Yote yalipitia kwa mama yangu, yule uliyepewa jina lake, na ndiyo maana mimi nakuita Mwaitu, mama yangu, wateja kutoka mbali wakabaki wanatuangalia.

Simlaumu mama yako kwa hiyo kazi. Haki namshukuru kuliko anavyojua. Ile siku uliposema ualimu hutaki, unataka kompyuta, nilimtuma kwako na maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka najiona mjinga. Hakuyaleta. Alikaa nayo. Baada ya siku kadhaa akaniuliza, akiwa anachambua maharagwe, kama bado nataka ayapeleke. Nilikuwa nimepoa. Nikamwambia amwambie tu mtoto asome kwa bidii, na hilo ndilo lililokufikia. Yale mengine yaliishia kwake, na wewe hukuwahi kujua yalikuwepo. Kama ningekuwa mtu wa kukwambia mambo ana kwa ana wakati ule, leo pengine tusingekuwa tunaongea.

Lakini mama yako ana tabia nyingine. Kuna wakati anasema neno limefika na bado liko njiani. Barua yako ya kazi ya Ujerumani ilipokuja, alikuja kuniuliza nasemaje. Nilimwambia nimesikia, nitafikiria. Yeye akaona kufikiria na kukubali ni njia moja, kwa nini mtoto akae roho juu bure? Akakuambia nimekubali. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hata kompyuta ina tabia hiyo hiyo.

Acha nirudi kwa ile harusi ya Kasikeu, maana bila hiyo sijui kama ungekuwa unafunga mizigo leo.

Ilikuwa harusi ya Ndinda, unamkumbuka, yule mshonaji. Baba yake, Mzee Mutuku, ni mtu wa maneno machache mpaka watu walikuwa wanamtania. Kanisani kazi yake ni kupanga viti. MC alipomwita, kila mtu alijua atampa ndugu yake maikrofoni aongee kwa niaba yake. Mzee akaikamata. Akawapa watu mgongo, akamwangalia binti yake, akaanza kuongea. Ungesikia hata turubai ikipigwa na upepo. Mimi nilikuwa nyuma ya kamera nikihangaika na sauti, nikiangalia kama picha iko wazi, na nakuambia kweli hakuna hata sentensi moja iliyoniingia. Mpigaji picha hasikii, anarekodi. Nilijua nitasikia baadaye.

Kesho yake tulikuwa na mazishi ya kurekodi na nilihitaji kadi za kamera. Tukarudi dukani usiku ule ule, nikahamisha kila kitu kutoka kwenye kadi kwenda kwa ile diski ya nje. Ule mstari wa kwenye skrini ukajaa mpaka mwisho, kompyuta ikasema imemaliza. Nikachomoa diski, nikafuta kadi, nikaenda nyumbani nikipiga mluzi. Tulipokuja kufungua ile harusi, mazishi yalikuwa yamesharekodiwa kwenye kadi zile zile. Na kwenye diski faili ilikuwa na jina, ndani imekatika. Ulijaribu kila dawa ya kufufua faili. Tukapata keki. Tukapata magari yakiingia na akina mama wakicheza. Mzee Mutuku hakuonekana popote.

Ulikuwa umekuja likizo. Ukakaa kwa mashine siku nzima, halafu ukaniambia, "Baba, shida ni keshi."

Nikakujibu keshi nitatoa wapi, watu wa Kasikeu nitawarudishia pesa yao na pengine niuze mbuzi. Wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi nikapandwa na hasira, nikamwambia mama yako amwambie mtoto wake haya si mambo ya kuchekesha. Mama yako naye akacheka. Ndipo ukanieleza kwamba keshi yako si ya mfukoni, inatamkwa tu hivyo hivyo. Ni sehemu ya memori ambapo mfumo wa kompyuta unashika vitu kwa muda. Programu ikitaka kuandika, mfumo unapokea, unaweka kwa memori, unasema tayari, halafu unapeleka kwa diski ukipata nafasi. Programu ikisoma kitu, mfumo unabaki na nakala ili ukiulizwa tena ujibu haraka. Siku nyingi hiyo ni huduma nzuri. Lakini memori stima ikizima imesahau, na mtu akichomoa diski kabla ya mzigo kufika, mzigo hauna pa kwenda.

Nikakuuliza, kwani kompyuta inadanganya?

"Haidanganyi, baba. Ilisema imepokea. Wewe ndiye ulisikia imefika."

Hiyo sentensi nimelala nayo mara nyingi.

Ukasema kuna njia ya kuuambia mfumo usishike chochote, programu ipeleke data yake yenyewe moja kwa moja mpaka kwa diski. Ukaanza kuandika ile programu ya duka, ya kuhamisha video. Siku ya kwanza ikakataliwa kabisa. Kumbe ukipita njia hiyo diski haipokei vitu rejareja. Inataka vipande vya kipimo kamili, vianzie mahali panapotakiwa, kwenye memori na kwenye diski vilevile. Hapo nilikuelewa mara moja, maana niliwahi kuuza soda, na depo haipokei chupa mkononi, inataka kreti imejaa. Kumbe ule mfumo tuliokuwa tunautukana ndio ulikuwa unatupangia chupa kwa kreti miaka yote, kimya kimya. Ukiukwepa, kazi ya kupanga ni yako.

Ukapanga. Tukajaribu na ibada ya Jumapili, ikaingia yote isipokuwa mwisho. Pasta anainua mkono kubariki, video inakatika. Kipande cha mwisho hakikujaza kreti, programu ikakiacha nje. Pasta alidhani nimefanya makusudi kwa sababu ya yale maneno yetu ya mchango wa spika. Ukarudi ukarekebisha, ukawa unajazia ile nafasi na sufuri, halafu ukimaliza unaipunguza faili irudi kwa urefu wake wa kweli. Siku ile baraka ilitoka nzima nilimpigia pasta simu aje aone.

Basi nikaanza kupiga domo sokoni. Kwangu kikiandikwa kimeandikwa. Ukaniambia nipunguze, kwa sababu diski nayo ina kimemori chake ndani, na inaweza kusema imepokea kabla haijakilaza kitu chini. Kuukwepa mfumo peke yake si kufika. Lazima uiombe diski ilaze kila kitu, halafu usubiri ikujibu. Programu yako inaomba na inasubiri, na mpaka jibu lije hainiruhusu kufuta kadi. Nilikuwa nakasirika sana na huko kusubiri, na wewe ulikuwa unanywa chai tu.

Halafu nikaharibu mimi, kwa kupenda kupita kiasi. Nilipoona zile ibada ndefu sasa zinaingia sawasawa, kamera zote kwa mashine moja na picha haziruki, nikataka kila kitu dukani kipite njia hiyo. Ulikuwa umenieleza kwamba zamani memori ilikuwa inajaa video mpaka mfumo unashtuka na kumwaga yote kwa diski kwa mpigo, ndiyo picha zinarukaruka. Mimi nikaona basi memori ni adui. Nikakulazimisha ugeuze hata ile programu ya wateja kuchagua picha. Wewe hukubishana. Uligeuza ukaniacha nijionee. Bibi harusi anaangalia picha, anaenda ya mbele, anataka kurudi kwa ile aliyoiona sasa hivi, na kila mara lazima itolewe upya kwa diski. Shangazi wa bibi harusi alilala kwa kiti akakoroma. Jioni nikakuomba uirudishe kama ilivyokuwa.

Ulichosema siku hiyo ndicho kilichonifanya nijue wewe umekuwa mtu mzima kunishinda. Ulisema video ya ibada inaandikwa mara moja na leo hakuna atakayeirudia, kuishika kwa memori ni kujaza nyumba bure na kufukuza vitu vya maana. Lakini picha ambayo mtu anairudia rudia, hiyo ndiyo ya kukaa karibu. Ukasema mfumo hauwezi kujua kipi ni kipi, unabahatisha tu. Mwenye data ndiye anajua.

Na hiyo ndiyo kazi unayoendea. Nimeielewa, usidhani sijaielewa. Hao watu wanatengeneza hifadhidata kubwa, programu inayojua yenyewe nini ishike karibu na nini ipeleke chini, na haitaki mfumo uishikie vitu vile vile mara ya pili. Uliwaonyesha kazi yako na ilikuwa ni programu ya duka la video la Kalamba, na baraka za pasta, na kreti. Sijawahi kukuambia vile nilijisikia. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tangi la maji.

Sasa kwa nini basi sikukubali? Mama yako nilimwambia ni duka. Nani atatengeneza ile programu ikigoma? Hata yeye hakuniamini, maana ulishanibandikia maelezo ukutani kwa maandishi makubwa kama ya watoto wa nasari, na kijana wa jirani anajua kuendesha kila kitu. Haikuwa duka. Katika nyumba hii nikiita Mwaitu kuna mtu anaitika. Tangu nizaliwe imekuwa hivyo, kwanza alikuwa mama yangu, na alipotutoka ukawa wewe. Nilijaribu kufikiria nikiita na kimya kinanijibu. Nikashindwa. Niliogopa, Mwaitu, na mwanaume wa hapa kwetu akiogopa anasema ni biashara.

Juzi Ndinda alikuja dukani na mtoto wake kupigwa picha ya shule. Kila akija mimi naangalia chini bado. Nikamwambia, nipate tu la kusema, kwamba unaenda Ujerumani. Akafurahi. Halafu akaanza mwenyewe habari ya harusi yake, jambo ambalo hajawahi kunitajia tangu siku ile alipokuja kuulizia video na mimi nikamwambia haipo. Akasema alimwomba baba yake arudie yale maneno wayarekodi kwa simu, na mzee akakataa kata kata. Mzee alimwambia, nilishasema. Nikisema tena nitakuwa naigiza.

Nikamwomba msamaha upya. Akatikisa kichwa, akawa anamfunga mtoto kifungo cha shati.

"Maneno yenyewe hata mimi yamenipotea mengi," akasema. "Nakumbuka tu hakumwangalia mama. Aliniangalia mimi."

Walitoka, na mimi nikakaa kwa kile kiti cha wateja, taa za picha zikiwa bado zinawaka zinanipiga usoni. Nilikaa mpaka mtu akaja kuuliza kama duka liko wazi. Miaka yote nilidhani kile nilichompotezea Ndinda ni hotuba. Kumbe kile cha maana kilikuwa kimemfikia siku ile ile, pale pale, kwa sababu mzee hakumtuma mtu.

Hapo ndipo nilikubali. Sijamwambia mtu, maana ningemwambia nani? Mama yako anajua nilikubali kitambo.

Sasa nisikilize, Syombua, na nimekuita jina lako makusudi. Nenda. Nimekubali uende. Nimekubali kwa moyo wangu wote na siyo shingo upande, na anayesema ni mimi. Bado naogopa, hiyo haijaisha, lakini nimekubali nikiwa naogopa hivyo hivyo.

Na asante. Asante kwa siku ulizokaa kwa ile mashine ukitafuta sauti ya mzee ambaye si babu yako. Asante kwa kunicheka wakati wa keshi, maana mtu mwingine angeninyamazia nikabaki mjinga. Asante kwa kuniacha niharibu ile programu ya picha bila kuniaibisha mbele ya wateja. Ulinifundisha kazi yangu mwenyewe na hukuwahi kunifanya nijione mdogo. Mungu alinipa mama mara mbili, na mara zote mbili nilipewa mzuri.

Mama yako usimwache nje, nakuomba. Siku ukinikasirikia huko mbali, na utanikasirikia, mwambie yeye kwanza, akae na hiyo hasira mpaka ipoe. Mambo ya kila siku yapite kwake kama kawaida, anayapenda na anayajua kuliko mimi. Lakini ukiumwa kweli, ukikataliwa, ukimpata mtu unayempenda, nipigie mimi. Nitashtuka, nitakohoa kidogo, usikate simu. Nitazoea.

Asubuhi mama yako aliniona nikitafuta karatasi, akasema nikimaliza nimpe barua aiweke kwa mkoba wako, uisome ukishafika. Nimemwambia hii sitampa mtu. Mkirudi kutoka Kwa Vonza utanikuta hapa mlangoni nimesimama. Nitaiweka mkononi mwako mwenyewe, uisome nikikuangalia, na siondoki hapo mpaka uifikishe mwisho uinue uso.

Ni mimi,
Baba yako